Mswaki na Magego

Kabla Chuo Kikuu cha Nairobi hakijaanza kufundisha utabibu wa meno mnamo 1974, wahenga wa pwani na bara walitafuna kijiti hata ncha ikachanuka, wakasugulia fizi. Na jina lake la asili ya Kiarabu, mswaki, likarithiwa na brashi ya dukani. Adabu hiyo haikuwa upuuzi, kwani ufizi ukiugua mfupa hupungua, na jino, mithili ya nguzo iliyofukuliwa mchanga, hubaki na shina fupi na kimo kirefu, hata nguvu ile ile ya kutafuna ikalitikisa. Ndiyo maana kule Uthiru, penye jiko la mahindi, mzee mmoja ambaye meno yake yameanza kutikisika hupukuchua punje kwa kidole gumba, akazitia kwenye magego ya kushoto yaliyo bado imara.