Friwili ya meno 14: ujanja ao wizi?



Juzi kikundi chetu kilikaribia kuvunjika juu ya friwili ya baiskeli. Tulipanga mashindano madogo kwenye barabara ya vumbi, kwenda na kurudi. Kanuni tuliziandika kwenye karatasi moja: baiskeli iwe ya kawaida, isiyo na gia za kubadilisha, na wote wapite njia moja. Zawadi ilikuwa jerikani mbili mpya na mche wa sabuni.

Wa kwanza kufika ni kijana aliyewahi kufanya kazi gereji huko Mbarara. Usiku uliotangulia alikuwa ametoa friwili yake ya meno 18 akaweka ya meno 14. Kwenye tambarare akaruka kama pikipiki. Kwenye mlima alishuka akasukuma, lakini alikuwa ameshatuacha mbali. Wa pili alifika karibu naye, kumbe yeye alikata kona katikati ya migomba pale ambapo hakuna mtu aliyekuwa anaangalia.

Basi makelele. Wengine wakasema wote wawili ni wezi. Wengine wakasema hapana, mmoja ni fundi na mwingine ni mwizi. Tukabishana mpaka giza. Ndiyo maana tumeamua kuandika historia hii, kwa sababu ugomvi wetu si mpya. Watu wa mbio za magari wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 70.

Tuanze mbali kidogo, Marekani. Huko kusini, watu waliobeba whisky ya magendo (fikiria waragi wa kuficha) walijifunza kutengeneza gari ambalo kwa nje ni la kawaida, lakini ndani injini ni kali na springi za nyuma zimekazwa ili gari lisiiname likibeba mzigo. Polisi akiona gari limeinama nyuma, anajua. Baadaye watu hao wakaanza kushindana wao kwa wao. Mwaka 1948 kikaanzishwa chama cha NASCAR, na tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte, kikafanya mbio zake za kwanza za magari yale yale yanayouzwa dukani, bila kubadilisha kitu. Aliyemaliza wa kwanza ni Glenn Dunaway, kwa Ford. Wakaguzi wakainama chini ya gari, wakakuta springi zimefanyiwa ufundi wa watu wa magendo. Ushindi akapewa Jim Roper. Mwenye gari akaenda mahakamani, akashindwa.

Yaani siku ile ile ya kwanza ya kanuni, ndiyo siku ya kwanza ya kuivunja.

Halafu akaja fundi mmoja anaitwa Smokey Yunick. Habari yake inayosimuliwa zaidi ni hii: kanuni ilisema tanki la mafuta lisizidi kipimo fulani. Haikusema lolote juu ya paipu inayotoa mafuta kwenye tanki kupeleka kwenye injini. Basi yeye akaweka paipu ya futi 11, nene inchi 2. Tumepiga hesabu sisi wenyewe: mita 3 na zaidi, upana sentimita 5, inaingia zaidi ya lita 6. Tanki ni halali, paipu ni tanki la pili.

Ukicheka, kumbuka bombani kwetu. Ukiandikwa kwamba kila mtu achote jerikani mbili tu, bila kusema za lita ngapi, kesho yake utaona nani anakuja na za lita 10 na nani anakuja na za lita 20. Mama yule si mwizi. Amesoma kanuni vizuri kuliko aliyeiandika.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano makubwa ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa makundi ya bei ya dukani. Ujanja ukawa kuchagua: gari gani ya bei ndogo inaweza kuvumilia matope, mawe na mito? Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilishinda mwaka 1954 na Vic Preston ndiye aliyeiendesha. Hakuvunja kanuni yoyote. Aliielewa tu.

Joginder Singh alikuwa mtoto wa mwenye gereji, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo kuukuu, iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda. Wenye kiwanda walikuwa na pesa, yeye alikuwa na mikono inayojua kila boliti. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Lakini mtu tunayetaka mumjue ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Tusidanganyane, hakulala chini ya hema kama sisi, alikuwa mtoto wa tajiri. Lakini mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, naye aliacha nchi aliyozaliwa, akakimbilia Kenya. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baadaye, akaingia Safari Rally na Datsun 240Z. Mwisho wa mbio, yeye na Harry Källström wa Sweden wakawa na adhabu sawasawa kabisa. Nani mshindi?

Hapo hakukupigwa kura, hakukuulizwa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kulikuwa na kanuni iliyoandikwa kabla: wakilingana, anatazamwa nani alikwenda mbali zaidi bila kosa. Ilikuwa Mehta. Baadaye akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Ushindi tano, na wa kwanza aliupata kwa sababu kanuni ilikuwa wazi na ilifuatwa.

Sasa upande mwingine. Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari mwaka 1975 na Peugeot 504, kisha akawa mkubwa wa timu ya Toyota huko Ulaya. Mwaka 1995, katika mbio za Hispania, wakaguzi waligundua jambo. Kila gari la turbo lilitakiwa kuvuta hewa kupitia kitundu cha kipimo maalum, ili nguvu zisizidi. Mafundi wa timu hiyo walitengeneza kifaa chenye springi: gari likiwa kwenye mbio, kitundu kinasogea kidogo na hewa ya ziada inapita pembeni. Mkaguzi akifungua, kifaa kinajirudisha chenyewe, kila kitu kinaonekana sawa. Hata mkubwa wa shirikisho la dunia alisifu ule ufundi. Lakini timu ilifungiwa miezi 12, na madereva wakanyang'anywa pointi zao zote za mwaka.

Umeona tofauti? Paipu ya Yunick ilikuwa mahali ambapo kanuni ilinyamaza. Kifaa cha Toyota kilitengenezwa ili kumdanganya macho mtu wa ukaguzi. Ufundi unaojirudisha ukifunguliwa, huo umeshajihukumu.

Tulipofika hapo katika mabishano yetu, tukamuuliza wa kwanza: «Tukikwambia ugeuze baiskeli juu chini, utakubali?» Akaigeuza mwenyewe, akatuhesabia meno. Tukamuuliza wa pili atuonyeshe njia aliyopita. Akanyamaza, akaangalia chini.

Jerikani alibaki nazo wa kwanza. Karatasi tumeiandika upya: friwili isipungue meno 18. Na aliyeshika kalamu safari hii ni yeye, juu hakuna anayejua matundu ya kanuni kuliko aliyepita ndani yake.

Kwa wakubwa wa mashirika mnaotusoma: mukiona mtu amepata tundu kwenye kanuni yenu, kwanza muulize kama anakubali kugeuza baiskeli. Akikubali, musimfukuze. Mumpe kalamu.