HISTORIA: Vijana Wasiotajwa Waliong'arisha Gari za Konde, na Kosa Dogo Linalokula Rangi Mpaka Leo

Kila stendi ina mastaa wake. Dereva anajulikana kwa jina la utani, konda anajulikana kwa mdomo, mwenye gari anajulikana kwa hela. Ila kuna mtu mmoja ambaye historia imempita kushoto: kijana mwenye ndoo na kitambaa. Yule anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri ili gari iingie barabarani ikiwa inawaka.

Twende Konde, kaskazini kabisa ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Ukitoka Chake au Wete kwa daladala, hapa ndipo safari inapokatikia. Mbele yako ni Msitu wa Ngezi, rasi ya Kigomasha na fukwe kama Vumawimbi. Gari ikifika hapa imeshakula vumbi, jua na chumvi ya bahari kwa pamoja. Pemba ni kisiwa chembamba, upepo wa bahari haukuachi popote ulipo. Sasa jiulize: gari za huku zimedumu vipi miaka yote hiyo?

Jibu halianzii kwenye gari. Linaanzia pwani.

Kabla ya injini kufika Pemba, chombo cha thamani kilikuwa jahazi, na jahazi nalo lilikuwa na "skincare" yake. Mabaharia walingoja maji ya bamvua, wakakipandisha chombo ufukweni, maji yakitoka wakaanza kazi. Kwanza kukwangua uchafu ulioganda chini. Kisha kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Sehemu inayokaa ndani ya maji ikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Sehemu ya juu ikalishwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake, mtu wangu, acha tu! Ila mbao haikupasuka.

Hapo kuna somo ambalo wengi wanalikosa. Yale mafuta hayakuwa urembo. Chombo kikipasuka katikati ya mkondo wa Pemba, si rangi inayopotea, ni roho za watu. Kung'aa kulikuwa matokeo tu, lengo lilikuwa ulinzi. Na kazi hiyo ilifanywa na vijana wa chini kabisa, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kisha zikaja gari za shamba. Unazijua: lori linaletwa na injini na kichwa chake, mafundi seremala wanaligongea bodi la mbao nyuma, mabenchi yanapangwa kwa urefu abiria watazamane, juu paa la kubebea mizigo. Ndizi, madumu, magunia ya karafuu, kuku, vyote juu. Zanzibar nzima ilisafiri hivyo, Unguja na Pemba, na mpaka leo hujazimaliza zote.

Angalia kilichotokea: bodi lile lilikuwa ni mbao, kama jahazi. Kwa hiyo akili ya baharini ikahamia barabarani bila matatizo. Mbao ikapakwa rangi ya mafuta nzito, mkono juu ya mkono, mwaka baada ya mwaka. Rangi ikichoka, unakwangua, unapiga msasa, unapaka upya. Kijana wa gari aliweza kusugua kwa nguvu zake zote, kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, na hakuna aliyemlaumu, maana rangi ilikuwa nene na ya kurudia ilikuwa dukani. Kitu pekee alichoogopa ni maandishi. Yale majina na misemo ya kupamba gari ilichorwa kwa mkono juu ya rangi, bila kufunikwa na kitu. Ukisugua sana, msemo wa bosi unabaki nusu, na kibarua chako pia kinabaki nusu.

Huku kwetu mambo yakiwa hivyo, huko duniani rangi ya gari ilikuwa inabadilika. Zamani gari liliwekwa rangi za mafuta na vanishi zilizochukua wiki kadhaa kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta Duco, rangi ya kupuliza inayokauka haraka, na General Motors wakaitumia kwenye gari za Oakland za mwaka 1924. Kazi ya wiki ikawa ya siku chache. Lakini rangi hizo za mwanzo zilihitaji kusuguliwa ndipo zing'ae, na zikipauka unasugua tena. Ndiyo maana vizazi vya madereva vilikua vikiamini kwamba kusugua ndiyo kutunza.

Badiliko kubwa likaja baadaye. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viwanda vikahamia mtindo wa tabaka mbili: chini rangi yenyewe, juu laka isiyo na rangi. Mafundi wa rangi huiita klia. Ule mng'ao unaoupiga picha hautoki kwenye rangi, unatoka kwenye klia. Na unene wake? Kwa gari ya kiwandani, mara nyingi ni kama sehemu 4 hadi 5 za mia moja za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo!

Miaka ya 1980 Zanzibar ikalegeza masharti ya biashara ya nje, na taratibu gari zilizotumika Japani zikaanza kujaa visiwani. Mpaka Konde zikafika. Hapo ndipo kisa kinapouma.

Kijana wa ndoo hakuambiwa kitu. Hakuna aliyemkalisha chini na kumwambia kwamba gari hii ya bati si ile ya mbao. Akaendelea na alichorithi: kitambaa kikavu juu ya vumbi, sabuni ya unga ya kufulia, brashi ngumu, na mwisho dizeli au mafuta ya taa ili "iwake". Na kweli iliwaka, kwa saa chache. Kisha vumbi lote la njiani likaganda kwenye yale mafuta, asubuhi akalisugua tena. Chembe za mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Sabuni kali inaondoa nta inayokinga laka. Mafuta ya taa yanachosha mipira ya milango. Baada ya muda klia inaanza kubanduka kwenye boneti na paa kama ngozi iliyoungua, jua linaingia kwenye rangi, chumvi inafika kwenye bati, kutu inaanza. Mwenye gari anasema kijana mvivu. Kumbe kijana alifanya bidii kupita kiasi.

Kupiga rangi upya si hela ya mchezo, na gari ikilala gereji, dereva, konda na kijana mwenyewe wote hawali. Kwa hiyo wakali wa kazi hii wakajifunza upya, kwa macho na kwa hasara. Njia yao leo ndiyo hiyohiyo inayofundishwa popote duniani:

Gari ioshwe kivulini, bati likiwa limepoa. Maji kwanza, mengi, kuondoa mchanga kabla ya kitambaa kugusa chochote. Ndoo 2: moja ya sabuni laini ya kuoshea gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza paani, shuka chini, matairi mwisho na kitambaa chake. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe havikwanguliwi kwa kucha; vinalowekwa kwa kitambaa chenye maji mpaka vilainike, tena siku hiyohiyo. Suuza, kausha kwa kitambaa laini, sabuni isikaukie juu. Polishi yenye chengachenga ni dawa, si chakula: inatumika pale tu rangi imepauka, na inajaribiwa kwanza kwenye kipande kidogo kilichojificha. Nta ndiyo chakula. Ile maarufu ya karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii moja na mnazi. Pwani na pwani wanaelewana.

Sasa hapa ndipo historia inapofanya kitu kitamu. Huko Marekani na Ulaya kuna gari-nyumba, zile zenye kitanda na jiko ndani. Kampuni ya Winnebago ilianza kuziunda mwaka 1966, na leo nyingi zina kuta za faiba zilizofunikwa kwa ngozi ngumu inayoitwa jelikoti. Unajua jelikoti ilizoeleka wapi kwanza? Kwenye boti za faiba. Kwa hiyo mtu wa kule anayetunza gari-nyumba lake la mamilioni ananunua nta iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Jelikoti ikichomwa sana na jua inatoa unga mweupe kama chaki. Pitisha kidole utauona. Hapo anaosha, anasugua kidogo kwa polishi, halafu anailisha nta ili jua na maji visiingie tena.

Kuosha, kukwangua kilichokufa, kulisha kinachoishi. Mabaharia wa Pemba walikuwa na mpango huohuo ufukweni, kabla ya faiba, kabla ya klia, kabla ya Duco. Vifaa vilibadilika. Kosa la gari za Konde halikuwa kurithi kazi ya wazee, lilikuwa kurithi nguvu ya mkono na kuisahau sababu yake.

Kwa hiyo ukiona daladala ya Konde ina miaka mingi barabarani na bado unajiona sura yako kwenye mlango, usimsifu dereva peke yake. Kuna kijana kavumilia baridi ya alfajiri na ndoo 2. Mlipe vizuri. Na kama anakuomba kitambaa kipya, mpe, ni rahisi kuliko rangi.

Nyumbani kwenu gari inaoshwa na sabuni gani? Semeni ukweli, tupia hapo chini kwenye maoni!