Hesabu za Kiangazi: Mashabiki wa Vyuo vya Marekani na Safu Zao za Mashambulizi

Mwezi Aprili 2007 watu 92,138 waliingia uwanja wa Bryant-Denny mjini Tuscaloosa, jimbo la Alabama, kuitazama timu ya chuo kikuu chao ikicheza na yenyewe. Haikuwa mechi ya ligi wala ya kombe. Yalikuwa mazoezi, wachezaji wamegawanywa mafungu mawili. Waliokwenda walifuata mambo mawili: kumwona kocha mpya, Nick Saban, na kujua nani atashambulia msimu ujao. Miezi saba baadaye timu hiyohiyo ilifungwa nyumbani 21–14 na Louisiana-Monroe, chuo ambacho wengi wa waliokuwa jukwaani siku ile wasingekipa hata hadhi ya mpinzani.

Msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha Januari. Miezi inayobaki ni mirefu, na shabiki huijaza kwa hesabu. Kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, amebaki au kaondoka? Mkimbiaji aliyeumia goti amepona? Wale majitu watano wa mstari wa mbele, wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia mkimbiaji njia, wanarudi wangapi? Kila mtu ana jumla yake, kuanzia kinyozi hadi mchungaji. Lakini hesabu yenyewe haijawahi kuwa ileile. Kila kizazi kimehesabu kile ambacho kanuni za zama zake zilikiacha kihesabike, na mara nyingi kanuni zilikwisha kubadilika mashabiki wakiwa bado wanauliza swali la jana.

Mwanzoni hapakuwa na swali. Tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers ilipoishinda Princeton 6–4 mjini New Brunswick, New Jersey, kila upande ulikuwa na watu 25, hakuna aliyeruhusiwa kuubeba mpira, na mashabiki walikuwa wanafunzi wenzao. Aliyetaka kujua nani atacheza mwakani aliuliza bwenini. Ni Walter Camp wa Yale aliyeupa mchezo mifupa. Mwaka 1880 alivishawishi vyuo vipunguze wachezaji hadi 11 na viweke mstari ambapo timu moja inaanza ikiwa na mpira wake bila kunyang'anyana; mwaka 1882 yakaongezwa majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Tangu hapo kushambulia kukawa kazi ya kupangwa kabla, na mtu akaweza kuulizwa kama anaifaa kazi hiyo au la.

Kwa miaka mingi iliyofuata jibu lilikuwa uzito. Timu zilishikana kama kabari na kumponda mpinzani palepale, msimu baada ya msimu, hadi vijana wakawa wanakufa uwanjani. Oktoba 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa mchezo wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata kukaundwa chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na kanuni mpya zikaruhusu mpira kurushwa mbele. Pasi, ambayo leo ndiyo roho ya ushambuliaji, iliingia ikiwa dawa ya vifo. Nayo ilikuwa dawa chungu: mpira ulioanguka bila kuguswa na mtu ulikabidhiwa wapinzani. Makocha wengi waliiogopa, na si ajabu kwamba waliothubutu mapema walikuwa wa vyuo visivyo na jina kubwa, kama Saint Louis chini ya Eddie Cochems mwaka 1906. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1912, majaribio yakawa manne kwa yadi 10, na Novemba 1913 Notre Dame ikaenda kwa Army, timu ya chuo cha kijeshi, na kushinda 35–13 kwa mipira ya Gus Dorais kwenda kwa Knute Rockne.

Hata hivyo shabiki wa 1913, au wa 1924 aliyemshuhudia Red Grange wa Illinois akifunga mara nne dhidi ya Michigan ndani ya dakika 12 za mwanzo, hakuwa na orodha ya washambuliaji. Hili wengi hulisahau. Wale 11 walioshambulia ndio walewale waliolinda. Kanuni za kubadilisha wachezaji zilibana sana, hivyo mkimbiaji mahiri asiyeweza kumkaba mtu alikuwa hasara. Mwaka 1941 kanuni hizo zililegezwa, na mwaka 1945 Fritz Crisler wa Michigan, akiwa na vijana wabichi dhidi ya Army iliyotisha, akaigawa timu yake mafungu mawili, moja la kushambulia na moja la kulinda. Alifungwa, lakini wazo lilibaki. Mwaka 1953 wakubwa wa mchezo walirudisha mbano, na ni katikati ya miaka ya 1960 tu mlango ulipofunguliwa moja kwa moja. Safu ya mashambulizi kama orodha inayojitegemea, ya kubishaniwa peke yake kiangazi kizima, kwa hiyo haijafikisha miaka 90, na kwa sehemu ya miaka hiyo ilikuwa imepigwa marufuku.

Kuna mwaka mmoja wa zama zile ambao ningependa kila mhesabuji auweke akilini. Mwaka 1939 Stanford ilishinda mechi moja, ikapoteza saba na kutoka sare moja. Kisha ikamwajiri Clark Shaughnessy, ambaye chuo chake, University of Chicago, kilikuwa kimefungwa na Michigan 85–0 na mwisho wa msimu kikaifuta timu kabisa. Kwa hesabu yoyote ya haki, hapo palikuwa na wachezaji walioshindwa na kocha asiye na timu. Shaughnessy akawakuta vijana walewale, akampa mpira Frankie Albert moja kwa moja kutoka kwa mtu wa kati, kwa mpangilio uitwao T ambao vyuo vingi viliuona wa kizamani, na mwaka 1940 Stanford ikashinda mechi zote 10, ikiwemo Rose Bowl dhidi ya Nebraska, 21–13. Majina yalikuwemo kwenye orodha tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mpangilio wa kuwapa kazi inayowafaa.

Kusini mwa nchi majina mengine hayakuwemo kabisa. Kwa miongo mingi mashabiki wa Alabama, Mississippi na Georgia walipima ushambuliaji wao kwa uangalifu wa sonara huku vijana weusi waliozaliwa mtaa wa pili wakiwa nje ya mizani. Tarehe 12 Septemba 1970 USC ya California ilikuja Legion Field, Birmingham, na kuifunga Alabama 42–21. Kwotabeki Jimmy Jones alikuwa mweusi. Sam Cunningham, mweusi, alikimbia yadi 135 na kufunga mara mbili. Clarence Davis, mweusi, alikuwa mzaliwa wa Birmingham hiyohiyo. Simulizi maarufu linadai kwamba usiku ule mmoja ndio ulioibadilisha Kusini. Ni tamu mno. Kocha Bear Bryant alikuwa amekwisha kumsajili Wilbur Jackson, kijana mweusi ambaye hakucheza kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa hadi 1972. Kilichotokea ni kwamba mashabiki waliona kwa macho yao gharama ya kilichoachwa nje ya hesabu zao.

Kiangazi kilichofuata Bryant akawachezea mchezo mwingine. Alikwenda kwa rafiki yake Darrell Royal wa Texas kujifunza mpangilio wa wishbone, wa kukimbia wenye wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki, ambao Emory Bellard aliubuni huko mwaka 1968. Akaufundisha kwa siri. Alabama nzima ilikaa ikijadili nani atarusha na nani atapokea. Septemba 1971 timu ikatokea Los Angeles ikikimbia tu, ikaishinda USC 17–10, na John Mitchell akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea Alabama.

Zilizofuata ni kanuni za idadi. Mwaka 1973 NCAA iliweka ukomo wa wachezaji 105 wanaolipiwa masomo kwa kila timu, ukashuka hadi 95, na miaka ya 1990 hadi 85. Chuo kikubwa hakikuweza tena kumrundika kijana benchini ili tu mpinzani asimpate. Kila nafasi ikawa na thamani, na swali la nani anarudi likawa sayansi ya magazeti ya msimu.

Sayansi hiyo ina tabia ya kuaibika. Mwaka 1995 Michigan ilikuwa imempoteza mkimbiaji Tyrone Wheatley kwa ligi ya kulipwa, na kwotabeki wake, Scott Dreisbach, akaumia mapema. Mrithi wa Wheatley alikuwa Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec. Wa Dreisbach alikuwa Brian Griese, aliyejiunga na timu bila ufadhili. Novemba Ohio State ikaja Ann Arbor ikiwa haijafungwa. Biakabutuka akaikimbilia yadi 313 na Michigan ikashinda 31–23. Mwaka uliofuata Biakabutuka akaondoka kwenda ligi ya kulipwa. Griese akabaki, na mwaka 1997 akaiongoza timu isiyofungwa hata mara moja.

Chuo cha LSU, cha jimbo la Louisiana, ni mfano mkali zaidi. Kwotabeki Joe Burrow alihama kutoka Ohio State mwaka 2018, akatupa pasi 16 za kufunga, kiwango cha kawaida tu. Mwaka 2019, kocha kijana Joe Brady alipoletwa kusaidia mchezo wa pasi, akatupa 60, timu ikashinda mechi zote 15, na wale watano wa mbele wakatwaa tuzo ya mstari bora nchini. Nasisitiza hao watano kwa sababu shabiki huwataja mwisho. Hawana takwimu za kujivunia, na watu huwaona wanapokosea tu. Mwaka 2020 Burrow hayupo, Brady hayupo, wachezaji 14 wamechaguliwa na ligi ya kulipwa, mpokeaji Ja'Marr Chase amejitoa. Wapo waliosema kwamba chuo kinachosajili vile hakipungukiwi. Mechi ya kwanza, K.J. Costello wa Mississippi State aliirushia LSU yadi 623 nyumbani kwake, akiwa ndiyo kwanza amehamia kutoka Stanford na akifundishwa na Mike Leach, mtu aliyetumia miongo mitatu kuthibitisha kwamba mpangilio mzuri wa pasi hauhitaji vijana wanaogombaniwa na kila mtu. LSU ilimaliza na ushindi mara tano na vipigo vitano.

Costello na Burrow walikuwa dalili ya kilichokuwa kinakuja. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha utaratibu wa kujiandikisha kuhama, mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na tangu Julai 2021 akaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwishoni mwa 2023 Curt Cignetti alifika Indiana, chuo kilichozoea vipigo, akaja na wachezaji wake wa chuo cha James Madison na kumpata kwotabeki Kurtis Rourke kutoka chuo cha Ohio. Mwaka 2024 Indiana ikashinda mechi 11. Idadi ya wanaorudi, nguzo ya hesabu kwa nusu karne, haikueleza chochote. Aprili 2025, siku moja kabla ya mechi ya mazoezi ya Tennessee, kwotabeki Nico Iamaleava hakutokea mazoezini, katika mvutano wa malipo ulioandikwa sana. Kocha Josh Heupel akasonga mbele bila yeye, na kijana akaishia UCLA. Kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka, na ukomo wa ufadhili 85 umeondolewa, mahali pake pakawekwa orodha ya wachezaji 105.

Baadaye mwaka huohuo NCAA iliufuta muda wa kuhama wa Aprili na kubakiza mmoja tu, kuanzia tarehe 2 hadi 16 Januari. Kama kanuni hiyo itadumu, jina litakaloonekana kwenye orodha mwezi Februari lina nafasi nzuri ya kuwemo Agosti, na shabiki amerudishiwa nusu mwaka wa kukosea kwa uwezo wake mwenyewe.