Kinyoya, Wala si Nzi

Rasimu ya istilahi za uvuvi inayopita mikononi mwa wafasiri na wahariri ina neno moja lililopenyezwa kati ya nyavu za kukokota na uvuvi wa taa: "uvuvi wa nzi". Kamati iliyolipitisha haikutoa maelezo. Msomaji anayejua namna trauti anavyovuliwa katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya atatambua kilichokusudiwa, kwa kuwa tayari anakijua. Asiyejua ataamini kuna watu wanaovua nzi, kama wengine wanavyovua pweza na dagaa.

Watetezi wa neno hilo wana hoja moja inayostahili kujibiwa. Kiswahili, wanasema, kina uvuvi wa mshipi, uvuvi wa nyavu, hata uvuvi wa baruti, na hakuna anayedhani baruti ndiyo inayovuliwa. Ni kweli. Lakini mshipi, wavu na baruti ni vitu, na nzi ni kiumbe. Kiumbe kikitajwa baada ya "uvuvi wa", sikio la Mswahili hukiweka upande wa windo. Sarufi nayo inazidisha utata, kwa maana nzi hufuata upatanisho wa viumbe: nzi anayeruhusiwa, nzi waliofungwa kwa uzi. Kanuni ya mtoni ikiandikwa hivyo, hakuna silabi hata moja inayomwonyesha msomaji kwamba kinachosemwa ni ndoana ndogo iliyovishwa vazi.

Hapo ndipo ugomvi wa maneno unapogeuka kuwa suala la samaki. Katika mito mingi ya trauti duniani, kanuni huruhusu ndoana iliyovishwa na kukataza chambo cha chakula: nyungunyungu, panzi, mayai ya samaki, buu. Sababu haihusu madaha ya wavuvi wa kizungu. Trauti anayekuta chambo cha chakula hukimeza, na ndoana hunasa kooni au tumboni. Anayedanganywa na manyoya huhisi upesi kwamba si chakula, na mara nyingi hunaswa mdomoni. Tafiti zilizofuatilia trauti waliorudishwa majini zimeonyesha tofauti hiyo mara nyingi: waliovuliwa kwa chambo cha chakula hufa kwa wingi zaidi kuliko waliodanganywa kwa manyoya. Sasa mpe kijana wa Nyeri kanuni isemayo "inaruhusiwa kuvua kwa nzi pekee". Akikamata nzi wa zizini, akamchomeka kwenye ndoana, atakuwa ametii kila neno la kanuni hiyo, na trauti aliyemrudisha mtoni huenda asiione kesho. Kosa hapo ni la mfasiri.

Nzi ni neno la kale sana. Wakikuyu na Wakamba humwita ngi, wasemaji wa Kilingala husema nzinzi, na wataalamu wa lugha za Kibantu hurudisha maumbo hayo kwenye mzizi mmoja wa zamani. Katika safari hiyo yote neno halikuacha maana yake: mdudu wa mabawa mawili anayetua kwenye uchafu na vidonda. Wadudu ambao trauti huwafuata ni wengine kabisa. Huishi majini kwa muda mrefu wakiwa mabuu, kisha huibuka juu ya maji wakiwa na mabawa na kuishi siku chache, wengine saa chache tu. Kiingereza kimewakusanya wote chini ya jina moja la jumla, "fly", nacho kina haki ya kufanya hivyo. Kiswahili hakidaiwi kurithi ulegevu huo.

Ndoana yenyewe ina ukoo wa kujivunia. Waganda huiita ddobo na kuvua kwa ndoana hukuita okuloba. Wasemaji wa Kilingala wana ndobo. Wazulu wana udobo. Kiswahili sanifu kimekipoteza kitenzi na kubaki na chombo. Lugha yenye hazina ya namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba haina pa kuanzia kwa jambo la uvuvi.

Mwandishi wa makala haya anapendekeza, kama alivyopendekeza kwa maandishi bila kujibiwa, neno kinyoya. Uvuvi wa kinyoya. Kuvua kwa kinyoya.

Ushahidi wa kwanza ni wa kale. Yapata mwaka 200, Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza namna watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoa katika mto Astraios, kati ya Beroia na Thesalonike. Alisema mdudu ambaye samaki hao walimpenda hakufaa kuwekwa kwenye ndoana, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu rangi yake hupotea na mabawa hunyauka. Wavuvi wakamwacha. Badala yake waliizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo yaotayo chini ya undu wake. Hayo ndiyo maelezo ya wazi ya kale zaidi yanayojulikana ya uvuvi huu, na ndani yake mdudu anakataliwa katika hatua ya kwanza kabisa. Chombo kilizaliwa kwa sababu mdudu hakufaa. Kukiita chombo hicho nzi ni kukipa jina la kitu kilichoshindwa.

Ushahidi wa pili umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Wapinzani wa kinyoya, na mmoja wao amelirudia jambo hili kila alipopata nafasi, hudai kwamba ndoana nyingi za siku hizi hazina unyoya wa ndege, bali nywele za paa, manyoya ya sungura na uzi mtupu. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu katika lugha inayotenga vazi la ndege na vazi la mnyama. Kiswahili hakitengi. Kuku ana manyoya, kondoo ana manyoya, sungura ana manyoya. Sufu ya Makedonia na unyoya wa jogoo wake vyote viwili vinaingia katika neno moja, bila kusukumwa. Ni bahati kubwa, na inasikitisha kuona wazawa wa lugha hii wakiipita.

Mtu akiangalia kinyoya kinavyotengenezwa, jina hujileta lenyewe. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo. Uzi mwembamba huzungushwa toka shingoni hadi kwenye pindo, kisha hufungwa mkia wa nyuzi chache za unyoya mgumu. Manyoya laini ya sungura husokotwa kwenye uzi ili yawe kiwiliwili. Mwisho huja unyoya mrefu wa shingo ya jogoo, unaozungushwa ndoana mara tatu au nne mpaka nyuzi zake zisimame pande zote kama miale. Hizo ndizo zinazokishikilia kinyoya juu ya maji. Kinyoya kilichokamilika hakina uzito wa kurushwa. Anachorusha mvuvi ni mshipi mnene wenye uzani wake, nao hukibeba kinyoya. Chubwi halina kazi hapo.

Neno zuri huzaa. Frederic Halford alichapisha kitabu chake juu ya vinyoya vinavyoelea mwaka 1886, na wafuasi wake wakaifanya kanuni ya heshima kwamba katika mito ya chokaa ya kusini mwa Uingereza trauti avuliwe kwa kinyoya kilicho juu ya maji tu. G. E. M. Skues akajibu kwa kitabu cha mwaka 1910, akitetea vinyoya vinavyozama na kuiga mabuu. Ubishi uliendelea hadi mdahalo wa mwaka 1938 katika klabu yao ya London, Skues akiwa mzee. Kwa mwenye kinyoya, historia yote hiyo inasimulika: kinyoya cha kuelea, kinyoya cha kuzama. Rasimu ya kamati ina "nzi mkavu" na "nzi majimaji". Na buu la Skues, ambalo halina bawa wala halijawahi kuruka, litaitwaje chini ya mpango huo?

Wapo wanaopendelea "flai". Neno hilo haliudhi, lakini halimwambii kitu mtu wa Lamu wala wa Kigoma. Wengine wanasema "chambo bandia". Hilo ni pana mno: linameza vijiko vya chuma na samaki wa plastiki, navyo katika mito ya kinyoya pekee hukatazwa.

Rasimu hiyo hiyo inataja "trauti asilia". Mayai ya trauti yaliyowekwa katika mto Gura mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan yalitoka Loch Leven, Uskoti. Samaki waliozaliana huko tangu hapo si asilia wa Kenya kwa hesabu yoyote, ila wamezaliwa mtoni, si kwenye mabwawa ya kutotolesha. Hao ni trauti mwitu, kama tunavyosema mbwa mwitu. Tofauti hiyo ina uzito: jimbo la Montana liliacha mwaka 1974 kumwaga trauti wa mabwawani katika mito yenye trauti mwitu, baada ya kubaini kwamba wageni hao waliwapunguza wenyeji wa mto. Katika hifadhi ya Yellowstone, trauti wa ziwani waliogunduliwa mwaka 1994 katika ziwa kuu ni wavamizi, na anayewavua hapo lazima awaue. Trauti wazawa wa ziwa hilo hurudishwa majini. Uswisi nako, kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zinakataza kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha: huo, kwa sheria yao, ni mchezo juu ya mateso. Mabishano ya namna hii yanahitaji maneno yasiyoteleza. "Kamata na achia" ya rasimu inafaa kituo cha polisi. "Kuvua na kurudisha" inatosha.

Kuhusu matumizi: ki-/vi-, wingi vinyoya, mvuvi wa kinyoya, mto wa kinyoya pekee. Kibao cha mtoni kingeweza kusomeka hivi: "Inaruhusiwa kuvua kwa kinyoya pekee. Chambo cha chakula ni marufuku. Ndoana isiwe na kijino." Kijino ni ule mchongo wa nyuma ya ncha unaomzuia samaki kuchomoka. Rasimu imeuruka kabisa, ingawa ndio unaopasua mdomo wa samaki anayetakiwa kurudi mtoni akiwa hai.