Taya la Kanam na Vigingi Vilivyopotea

Wasee, mimi niliacha chuo nikarudi Migori. Maneno kama "jarida la kitaaluma" yalikuwa yananiletea usingizi tu. Kumbe hadithi ya kuyaelewa iko hapa jirani, Homa Bay.

Mwaka wa 1932, Juma Gitau, aliyekuwa akifanya kazi na Louis Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, karibu na ziwa. Leakey akatangaza kwamba ni la zamani mno. 1933 wataalamu wakakutana Cambridge, wakamkubalia. Jamaa akawa staa.

Lakini kwa sayansi, kusema tu haitoshi. Januari 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akafika Kanam, akataka kuonyeshwa mahali penyewe. Leakey akashindwa. Vigingi vya chuma alivyokuwa amepigilia havikuwepo tena. Alisema wenyeji waliving'oa. Na picha aliyoitoa kama ya Kanam ilikuwa ya mahali pengine. Machi 1935, barua ya Boswell ikatoka kwenye jarida la Nature. Jina la Leakey likaingia doa.

Sasa yale maneno magumu yanakuwa rahisi. Makala ya utafiti ni dai pamoja na ushahidi wake. Sehemu ya mbinu ndiyo vigingi: ulifanya nini, wapi, vipi, ili mwingine aweze kurudia. Uhakiki wa wataalamu ni kumleta Boswell kabla ya kuchapisha, si baada ya aibu. Marejeleo ni kusema ulichokipata kwa wengine.

Halafu kuna orodha ya waandishi, na hapa ndipo mimi huumia. Leakey umemsikia tangu shule ya msingi. Juma Gitau, je? Ndiye aliyeliona taya.

Mwaka wa 2023, jarida la Science lilichapisha makala kuhusu Nyayanga, kwenye rasi hiyohiyo ya Homa: zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kwenye orodha ya waandishi wamo Rahab Kinyanjui na Blasto Onyango. Ilichukua muda, lakini majina yetu yameanza kuingia.

Kwa hivyo mtu akikutumia meseji ya "utafiti umesema", usibishane naye. Muulize tu: vigingi viko wapi?