Risasi ya .375: mabishano ya wawindaji yaliyogeuka sheria

Aprili 2024 ilitimia miaka 20 tangu askari wa wanyamapori walipomuua simba wa Rufiji, yule ambaye watu walimbatiza jina la Osama. Kwa miezi kama 20 alikuwa ameua watu wapatao 35 vijijini. Alipochunguzwa, alikutwa na jipu kubwa kwenye gego lililopasuka. Mbagala na Mtoni Kijichi zimejaa familia zenye asili ya Rufiji, na Barabara ya Kilwa inayokatisha Temeke ndiyo inayowapeleka kwao. Kwa hiyo, bunduki ipi inamfaa mnyama mkali ni swali la wenyeji kabla ya kuwa la watalii wenye vibali.

Sheria yetu ya Tanzania imeshalijibu: anayewinda tembo au nyati asishike bunduki iliyo chini ya kaliba .375. Risasi hiyo ina upana wa milimita 9.5 na uzito wa gramu 19 hivi. Ilitolewa na kiwanda cha Holland & Holland cha London mwaka 1912, na hadi leo haijachuja. Hata Alaska, waongozaji wa wawindaji wa dubu wakubwa wanaitegemea.

Kabla yake kulikuwa na magobore. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 4, 1917, alianza ujana wake akiwinda tembo kwa gobore lililorusha risasi ya zaidi ya gramu 100. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba teke la silaha hiyo lilimharibia mishipa ya fahamu. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja baruti isiyo na moshi, risasi zikawa nyembamba na zenye kasi. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Upande mmoja alikuwepo James Sutherland, aliyewinda kusini mwa nchi hii wakati wa Wajerumani. Kitabu chake cha mwaka 1912 kinaonyesha imani yake yote ilikuwa kwenye bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .577. Risasi yake moja ina karibu gramu 49, sawa na betri mbili za rimoti za aina ya AA. Ukitazama pori alilowinda, unamwelewa. Huko tembo humwoni mpaka uwe hatua 10 au 20 kutoka alipo. Ukikosa ubongo, pigo zito linaweza kumyumbisha, nawe ukapata nafasi ya kufyatua mtutu wa pili.

Upande wa pili alisimama W.D.M. Bell, Mskoti aliyepata umaarufu Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 tu. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Ubongo huo umezungukwa na mfupa mnene wenye vishimo vingi kama sega la nyuki. Risasi yenye ncha laini hutanuka na kuishia njiani. Yenye ganda gumu hupenya ikiwa imenyooka. Hoja yake ilikuwa hiyo: upenyaji na shabaha, si ukubwa. Bunduki nyepesi aliibeba mwenyewe kutwa, wala haikumfanya afumbe macho kwa kuogopa teke.

Kwa hesabu ya kitaalamu, Bell alikuwa na haki. Tatizo ni waliomwiga bila kuwa na jicho lake. Tembo aliyejeruhiwa kwa risasi ndogo haendi kufia porini kwa utulivu. Hukimbia na maumivu yake hadi mashambani, na anayekutana naye asubuhi ni mkulima mwenye jembe. Sheria ya .375 inamlinda mkulima huyo dhidi ya mwindaji wa wastani, kwani akina Bell ni wachache. Ni uamuzi wa busara na unastahili kuheshimiwa.

Baadaye Marekani ikaleta .458 mwaka 1956, na idara za wanyamapori Afrika Mashariki zikaipokea. Lakini kanuni za kaliba hazikuwaokoa tembo: Pori la Selous lilikuwa nao zaidi ya 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Ujangili haukujali kaliba. Meno yaliyokamatwa yalirundikana kwenye jengo la Ivory Room, Barabara ya Nyerere upande wa Temeke, ambalo wapita njia wengi hawajui lina historia gani.

Linaloniuma ni kwamba historia hii tunaisoma kwa macho ya wageni wawili. Nyuma ya kila tembo wa Sutherland na Bell alikuwepo msoma nyayo Mwafrika, aliyetangulia mbele bila bunduki ya maana. Wajukuu wa wasoma nyayo hao ndio askari wa vijiji wanaoitwa usiku simba akiingia zizini. Hao wanahitaji bunduki inayotosha, risasi za kutosha na muda wa kulenga shabaha mara kwa mara. Kaliba tumeshaiweka kwenye sheria. Mazoezi nayo yawekwe kwenye bajeti.