Betri za Mjomba na Ufunguo wa Wimbo

Niko Lushoto kwa siku chache, na baridi ya huku si mchezo. Leo tuzungumzie kitu kilichonichanganya tangu utotoni: kaseti moja ya marehemu mjomba.

Ilikuwa kaseti ya dansi la zamani, haina hata maandishi. Wimbo nilioupenda haukuwa na mwimbaji, ni magitaa na "mdomo wa bata" tu, yaani saksafoni. Ulikwenda taratibu, kwa sauti nzito, kama msiba. Nilikua nikiamini kwamba huo ndio muziki wa milimani. Nilipoingia kwenye uandishi nikaandika hadi rasimu ya makala. Nilidai kwamba bendi za Tanga mjini, Atomic Jazz na mtindo wao wa Kiweke au Jamhuri Jazz na Toyota yao, zilichangamsha watu wa pwani, lakini sisi wa Usambara tulichagua nyimbo za huzuni.

Kabla sijampelekea mhariri, nikausikia wimbo uleule Dar es Salaam. Jamani! Ulikuwa wa kuchezeka kabisa. Mwendo ulikuwa wa haraka, na ufunguo, ambao wapiga gitaa wetu huuita "kii", ulikuwa juu zaidi. Kumbe ile huzuni haikutoka kwa bendi, ilitoka kwenye betri. Kwetu hapakuwa na umeme. Betri zikichoka mjomba alizianika juani, na jua lenyewe Lushoto ni la kubahatisha. Betri dhaifu huzungusha mota polepole, hivyo mwendo na ufunguo hushuka pamoja. Kanda ikipungua spidi kwa asilimia 6 hivi tu, wimbo mzima unashuka nusu toni.

Msimcheke mjomba. Hata New York waliteleza. Tarehe 2 Machi 1959 Miles Davis na wenzake walirekodi "So What" katika studio ya Columbia. Ni jazi isiyo na mwimbaji: besi linauliza, wapulizaji wanajibu kwa sauti mbili. Kwa mliopitia kwaya na do-re-mi, ngazi yake inaanzia re badala ya do, na labda ndiyo maana wimbo haucheki wala haulii. Katikati unapanda nusu toni, kisha unarudi nyumbani. Sasa basi, mashine kuu siku ile ilizunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ilipopigwa kwenye mashine nzima, wimbo ukatoka wa haraka kidogo na wa juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Upande wote wa kwanza wa santuri ya "Kind of Blue" uliuzwa hivyo hadi toleo la 1992 lilipoirekebisha. Miaka 33! Kilichowaokoa ni mashine ya pili iliyorekodi siku hiyohiyo kwa spidi sahihi.

Hapo ndipo nikawaza kuhusu kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), iliyorekodi bendi zetu kwa miongo mingi na kuiachia TBC urithi huo. Kila kanda inapoingizwa kwenye kompyuta, kuna mtu anayeamua izunguke kwa spidi gani. Akikosea, wajukuu zetu wataandika makala kama ile yangu, wakieleza tabia ya kabila zima kumbe wanaeleza mashine. Wazee waliopiga nyimbo zile ndio mashine yetu ya pili, na wanazidi kupungua. Kama unaye mmoja mtaani kwenu, mpelekee wimbo wake umuulize: "Mzee, mlikuwa mnakwenda haraka hivi?"

Rasimu yangu nimeichana. Lakini jana jioni nilimpigia mke wa mjomba ule wimbo, safari hii kwa spidi yake halisi. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huu siyo. Wa mjomba wako ulikuwa unakwenda polepole."

Sikubishana naye. Bendi ilipiga hivi, na nyumba hii ilisikia vile. Nadhani nikiandika tena, nitaandika yote mawili.